Niliandikiwa "kwa mwaka", kumbe ni kwa mwezi: uzoefu wangu na wakala wa viza hapa Mbeya

Nimekaa karibu wiki nzima bila kuandika, nikitaka hasira ipoe kwanza. Haikupoa. Naandika nayo hivyo hivyo, mnisamehe pale nitakapopandisha sauti.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 34, nikaanzia Rungwe, nikamalizia hapa Mbeya mjini. Mume wangu ni marehemu. Mwanangu wa pili ni muuguzi Pretoria, ameshapata ukaazi wa kudumu kule, na wajukuu wangu wawili wa huko wananijua kwa sauti ya simu tu. Akaniambia, "Mama, kazi umemaliza, unabaki Uyole peke yako kufanya nini? Njoo tukae." Nikawaza, nikasali, nikakubali.

Kwenda kutembea si tatizo. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza na anaruhusiwa kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Mimi nilitaka kuhamia, nilee wajukuu, nizeekee huko. Kwa hilo huwezi kuingia kama mtu wa matembezi halafu ukabadilishia karatasi ukiwa ndani; unaombea huku nyumbani, na ubalozi wao uko Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwenye basi, na magoti yangu hayataki tena safari za kwenda kuuliza swali moja na kurudi. Ndiyo maana nikatafuta wakala. Mwenzangu wa kwaya akanielekeza ofisi moja maeneo ya Mwanjelwa, ghorofani. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi polepole. Ndani kuna meza tatu. Meza ya kati alikaa binti mmoja, umri wa kitinda mimba wangu, simu mkononi. Hakuniamkia. Nikasema moyoni, ni mjini, tupite. Nikamweleza nia yangu, akasema kuna viza ya mstaafu, haina kikomo cha umri, inatolewa hadi miaka minne, na sharti kubwa ni kipato cha uhakika. Hayo ni kweli, nimekuja kuyahakiki baadaye. Nikamuuliza kipato chenyewe ni kiasi gani. Akavuta karatasi nyeupe, akaandika kwa kalamu ya bluu, kwa mkono wake mwenyewe: "Rand 37,000 kwa mwaka." Akapiga mstari chini yake, akanisogezea.

Nikapiga hesabu palepale. 37,000 gawanya kwa 12 ni rand 3,083 na kitu kwa mwezi. Kwa bei ya rand siku zile, hiyo ni kama laki nne na nusu za kwetu. Pensheni yangu ni laki saba na kidogo. Inatosha na inabaki! Siwezi kuwaeleza furaha niliyoshuka nayo zile ngazi. Nilimpigia mwanangu nikiwa bado niko barabarani, bajaji zinapiga honi, nikamwambia nakuja. Akalia. Nikalia na mimi, katikati ya watu.

Nilikuwa nimeshalipa 450,000, "ada ya mashauri na kufungua faili". Hiyo ni zaidi ya nusu ya pensheni yangu ya mwezi. Nikasema si neno, ni mara moja.

Kilichofuata ni wiki za kuhangaika. Pasipoti yangu ilikuwa imeisha, nikalipia mpya 150,000. Nikaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya ile hati ya kuonyesha huna kosa la jinai. Nikaenda kwa daktari, nikapigwa picha ya kifua, nikapata ripoti mbili. Hapo niwape angalizo wenzangu: ripoti za afya zisiwe na zaidi ya miezi sita siku unapopeleka maombi. Usikubali kukimbizwa hospitali mwanzoni, kabla hujajua kama sharti la fedha unalimudu. Mimi nilikimbizwa.

Nitende haki. Meza ya mwisho pale, karibu na dirisha, yuko kijana mmoja anayeshughulika na fomu. Huyo ana malezi. Alinipa shikamoo kila nilipoingia, alinijazia fomu ya pasipoti kwenye mtandao taratibu, akinisomea kila swali, na alipoona jina la mume wangu kwenye cheti cha ndoa limepishana herufi moja na la kwenye cheti cha kifo, alinieleza pa kwenda kurekebisha bila kunifanya nijione mjinga. Kwa ajili yake nilikuwa nimepanga kuandika kwamba ofisi ile ni nzuri. Kweli nilipanga.

Halafu ikafika siku ile.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya katikati ya mwaka ambapo mlima Loleza huuoni kwa ukungu. Nilikuwa nimebeba bahasha yenye kila kitu: taarifa za benki za miezi mitatu, barua ya mfuko wa pensheni, na maelezo ya vyumba vyangu vinne vya kupangisha vinavyoniingizia laki mbili kwa mwezi, maana niliona nikiongeza na hiyo faili litanenepa. Yule binti akapitisha macho kwenye karatasi ya pensheni, akacheka. Hakutabasamu, alicheka. Akasema, "Mama, hii ni hela ya mboga. Wale wanataka 37,000 kwa mwezi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, "Binti yangu, uliniandikia kwa mwaka." Akajibu, na maneno haya sitayasahau mpaka naingia kaburini, "Mama, hesabu zako hazijakaa sawa. Nenda nyumbani katulie ujumlishe upya."

Mimi. Miaka 34 mbele ya ubao. Nimefundisha watoto wa wakulima wa chai na ndizi kuzidisha na kugawanya, wengine leo ni wahandisi na wahasibu, na binti wa Mwanjelwa ananiambia hesabu zangu hazijakaa sawa, kwa kosa aliloliandika yeye.

Nikafungua pochi. Ile karatasi yake nilikuwa nimeitunza ndani ya Biblia, nikaitoa, nikaiweka juu ya meza. Aliiangalia. Ikapita kama dakika. Kisha akachukua kalamu, akaanza kuandika "mwezi" juu ya neno "mwaka", mbele ya macho yangu! Alifika kwenye "mwe" nikamnyang'anya karatasi. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Watu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi walinyamaza wote. Yule kijana wa dirishani aliinama, hakuinua kichwa tena.

Ninayo hiyo karatasi mpaka sasa. "Mwaka" inasomeka vizuri, na juu yake kuna herufi tatu za uongo.

Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Usiku nikaamka nikachukua daftari. Rand 37,000 kwa mwezi ni zaidi ya milioni tano za Kitanzania. Chukua pensheni yangu, izidishe mara saba, bado hujaigusa milioni tano. Weka na kodi ya vyumba, zidisha mara tano, bado. Ni mwalimu gani wa Tanzania anapata hiyo? Sisi tuliolipwa mkupuo wa asilimia 33 ya mafao yetu siku ya kustaafu mnajua tulichobaki nacho kwa mwezi. Sharti lile halikuandikwa kwa ajili yetu, limeandikwa kwa ajili ya mstaafu wa Uingereza au Ujerumani anayetaka bahari na jua. Sina ugomvi na hilo, ni nchi yao na sheria ni yao. Ugomvi wangu ni kwamba swali la kwanza lilitakiwa kuwa, "Mama, pensheni yako shilingi ngapi kwa mwezi?" Swali moja! Kabla ya 450,000, kabla ya picha ya kifua, kabla sijampigia mtoto simu barabarani.

Na wala si Afrika Kusini peke yake. Kwa hasira zile nilisoma nchi nyingine usiku kucha. Jirani zetu Kenya wana kibali cha daraja K kwa mtu wa miaka 35 na kuendelea mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na haruhusiwi kuajiriwa. Hapo ni kwa mwaka kweli, lakini ukigawanya ni dola 2,000 kwa mwezi. Panama wanataka pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, ya maisha. Thailand wanataka uwe na miaka 50, na baht 65,000 kwa mwezi au 800,000 zilizokaa benki. Ureno wanapima kwa mshahara wao wa kima cha chini, ambao mwaka 2025 ulikuwa euro 870. Kila mahali hesabu ni ile ile, na pensheni ya shilingi inaachwa stendi. Wakala anayekaa Mbeya, anayehudumia watu wa Mbeya, haya anapaswa kuyajua usingizini.

Sasa sikilizeni kilichoniuma zaidi. Kesho yake nilikwenda steshenari hapa Uyole kutoa nakala za ile karatasi, maana nilitaka kuwashtaki. Kijana wa steshenari akaniuliza, "Mwalimu, shikamoo, mbona umepauka hivyo?" Nikamsimulia. Akafungua kompyuta yake, tukakaa wawili tukasoma masharti yenyewe mstari kwa mstari, kwa Kiingereza chao, na yeye anauza kalamu na kutoa nakala za mitihani huku tunaendelea. Hatukumaliza nusu saa.

Kumbe kuna viza ya ndugu. Mtu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu kule anaweza kumwombea mzazi wake, na anayetakiwa kuonyesha fedha ni yeye mwenyeji, rand 8,500 kwa mwezi kwa kila anayemdhamini. Hiyo ni kama milioni moja na laki mbili na kitu, na mwanangu muuguzi anaionyesha kwa karatasi ya mshahara tu. Inatolewa kwa muda usiozidi miaka miwili na huruhusiwi kufanya kazi. Kazi ya nini? Nakwenda kupika na kusimulia watoto hadithi. Kinachohitajika ni vyeti vya kuthibitisha kwamba huyu ni mtoto wangu, pamoja na zile zile ripoti za afya na hati ya polisi.

Nilimwambia yule binti siku ya kwanza kabisa kwamba nina mtoto mwenye ukaazi wa kudumu. Lilikuwa sentensi yangu ya kwanza! Hakulisikia, alikuwa na simu.

Kijana wa steshenari nilimuuliza nimlipe nini, akasema nakala nane, 1,600. Nikampa elfu kumi, akataka kukataa. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mwanangu.

Kwa hiyo naipa ile ofisi nini? Nilitaka kusema msiende kabisa. Halafu nikamkumbuka yule wa dirishani, nikataka kusema kwa fomu za pasipoti nendeni, mkaketi meza ya mwisho. Lakini nikikumbuka pia kwamba faili langu, likiwa na cheti halisi cha kifo cha mume wangu, walilishikilia siku nyingine tisa eti "bosi amesafiri", nayafuta hayo. Msiende. Na huyo kijana kama anasoma, atafute ofisi yake mwenyewe, tutamfuata.

Halafu kuna hili la pensheni, maana yule binti aliniongezea na hofu nyingine, kwamba nikikaa nje pensheni itasimama. Wastaafu wenzangu, msitishwe. Kinachotakiwa ni kujihakiki kwamba bado tupo hai, na siku hizi hata kwa simu janja inafanyika. Mwulizeni ofisa wa mfuko wenu, msimwulize wakala.

Juzi bosi wao akanipigia. Sauti ya upole, "mwalimu" kila baada ya maneno mawili. Kasema binti ni mgeni kazini, watanirudishia nusu ya fedha kwa sababu faili lilishafunguliwa. Kwa dakika chache moyo ulilainika, nikasema sawa, ni watoto, hukosea. Nilipokata simu nikafungua Biblia, nikaiona ile karatasi, zile herufi tatu. Kukosea kuandika ni kosa, hata mimi nimekosea ubaoni nikafuta mbele ya darasa nikaomba radhi. Kuliandika kosa upya ili liwe langu ni kitu kingine kabisa.

Nataka 450,000 yote, na nataka aniambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Jumatatu nashuka Mwanjelwa. Mwanangu ameshatuma karatasi za mshahara, ripoti ya kifua ina miezi miwili na nusu imebaki.