Kitanda cha mtoto cha kukunja: wiki mbili za kaskazi Lamu

Kitanda hiki nilikinunua kwa shilingi 8,500 katika duka moja la vifaa vya watoto hapa Malindi, siku chache kabla ya kwenda Lamu kwenye harusi ya wifi yangu, binti yetu akiwa na umri wa miezi saba. Hakina jina linalofahamika. Maneno yaliyoandikwa kwenye mfuko wake hata muuzaji alishindwa kuyasoma. Nimekitumia kwa wiki mbili katika joto la Januari, na tangu nirudi kina mama wenzangu wamekuwa wakiniuliza swali lilo hilo moja: je, mtoto alilala?

Alilala, isipokuwa usiku wa kwanza.

Ni kiunzi chepesi cha vyuma vyenye pande nne za wavu mwembamba, paa la wavu lifungwalo kwa zipu, na godoro gumu lenye unene usiozidi vidole viwili. Hukunjuliwa kwa dakika moja na kukunjwa kwa dakika kumi, angalau kwa mtu asiyezoea. Uzito wake wote haufiki kilo sita, jambo ambalo nililishukuru sana pale Mokowe, tuliposhuka basi na kulazimika kupanda boti tukiwa na mtoto, mizigo na ndoo ya achari ya mavyaa wangu.

Muuzaji aliniahidi kuwa kitanisaidia safari nzima, na hilo si kweli. Kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu kitanda kilikuwa chini pamoja na mizigo, naye mtoto alilala kifuani mwangu ndani ya mbeleko, uso wake ukiwa wazi na kidevu kikiwa hakikugusa kifua, ili apumue bila shida. Kilichotusaidia ndani ya basi ni kuchagua viti vya upande wa kushoto, kwa sababu asubuhi, gari linapoelekea kaskazini, jua huwaka upande wa dereva. Na kumnyonyesha mara nyingi kuliko kawaida, maana mtoto mwenye kiu hatulii, hulialia tu.

Usiku wa kwanza tulikifungua katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mavyaa, mtaa wa Langoni. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu atakuwa amekwisha kuona kosa langu. Kuta zile nene za matumbawe hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulirudisha ndani polepole baada ya isha, wakati nje kumeanza kupoa. Juu ya hayo, godoro la kitanda hiki limevishwa plastiki, ambayo ni nzuri kwa mkojo lakini haipitishi jasho hata kidogo. Mtoto aliamka saa saba, akaamka saa tisa, akaamka saa kumi na moja, na kila nilipomwinua mgongo wake ulikuwa umelowa kana kwamba ametoka kuogeshwa.

Asubuhi yake nilifanya mambo mawili. Kwanza, nilimpelekea fundi cherehani shuka kuukuu la pamba, akalishona likaubana mwili wa godoro bila kuacha mkunjo wala pembe ya kulegea, kwa shilingi 300. Pili, tulikipandisha kitanda juu darini, chini ya makuti, upepo wa kaskazi unakopita moja kwa moja. Hapo ndipo nilipoielewa thamani yake, kwani kitanda cha mbao chenye ubao pande zote kingeuzuia upepo ule, na mkeka mtupu ungemwachia mbu. Upepo, hata hivyo, ulikisogeza mara mbili, ikabidi tuifunge miguu yake kwenye nguzo za boriti kwa kamba. Kuanzia usiku wa pili binti yetu akawa analala kutoka saa mbili hadi saa kumi, akaamka kunyonya, akalala tena.

Chumba kilichotushinda usiku kilitufaa sana kwa usingizi wa asubuhi, kwa kuwa wakati huo kuta bado hazijapata moto na giza lake ni la kutosha bila pazia.

Kuhusu mbu sina budi kusema ukweli wote. Matundu ya wavu ni madogo na hakuna mbu aliyeingia, lakini wavu wenyewe haukutiwa dawa, na mtoto anayelala mkono wake ukiwa umeegemea upande huumwa akiwa ndani vilevile. Nilikuta alama tatu kwenye kiwiko. Baada ya hapo tulitundika juu yake chandarua kikubwa chenye dawa, cha aina ile inayotolewa kliniki, tukakiachia nafasi pande zote. Upepo ulipungua kiasi, lakini katika pwani yenye malaria sioni kwamba hilo ni jambo la kupimwa mara mbili.

Mavyaa wangu hakukipenda tangu mwanzo. “Mwana mwamtia tunduni kama kuku?” aliniuliza. Nikamjibu, “Si tundu, mama, ni chandarua chenye miguu,” akacheka, kisha akaleta godoro la sufi na mto mdogo ili mjukuu wake asiumie mgongo. Kumkatalia mavyaa nyumbani kwake si kazi ndogo. Nilimweleza nilivyoelezwa kliniki: mtoto asiyetimiza mwaka hulazwa chali juu ya kitu kigumu na tambarare, bila mto wala blanketi, kwa sababu pua yake ikizama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujinasua, na godoro la kuongezewa huacha upenyo ubavuni ambamo kichwa huweza kunasa. Ule mto aliuchukua bila neno. Godoro lilirudi kesho yake, likaondoka tena.

Siku tuliyokwenda ufuoni Shela nilikibeba kwa matumaini makubwa mno. Wavu si kivuli. Nilitandaza kanga juu ya paa, na baada ya robo saa nilipotia mkono ndani nikakuta hewa imesimama na ina moto kuliko ya nje. Nikaiondoa mara moja. Ninamwona kila siku mama anayefunika kigari cha mtoto kwa kitambaa akidhani anamkinga, kumbe anampika. Tuliomba nafasi chini ya banda la makuti, akalala dakika arubaini.

Usiku wa harusi ulikuja na faida ambayo muuzaji hakuitaja. Nilimwogesha, nikamnyonyesha na kumwimbia kwa utaratibu uleule wa nyumbani, na kufikia saa moja na nusu alikuwa amelala, ngoma zikivuma mtaa wa pili. Kelele hazikumsumbua. Wanaoamsha watoto harusini ni mashangazi wanaotaka kumbeba kila mmoja kwa zamu, na hao wote walishindwa kuijua zipu inafunguliwa wapi.

Zipu hiyohiyo ndiyo lawama yangu kubwa kuliko zote. Siku ya tisa iliingia mchanga ikagoma kabisa, mtoto akiwa ndani analia, nasi tukaihangaikia kwa dakika kadhaa ambazo sitaki kuzikumbuka. Kuisugua kwa mshumaa kulisaidia mpaka tukarudi. Niliporudi dukani niliambiwa kuwa kilichotoka hakirudi. Kwa bei ile ningetarajia angalau zipu mbili, moja kila upande, na kwa sababu hiyo pekee simshauri mtu akinunue kabla ya kuifungua na kuifunga zipu mara ishirini mbele ya muuzaji. Pia mtoto akianza kujiinua kwa kushika wavu, kitanda hiki hakimfai tena, kwa kuwa ni chepesi na kitapinduka naye.

Binti yetu bado ana muda wa kukitumia, na Februari tunakwenda Watamu. Kitanda kipo kwa fundi, anakibadilishia zipu ya meno makubwa ya plastiki, maana ya chuma huliwa na chumvi.