Kuhifadhi kidijitali kurasa za albamu iliyotengenezwa kwa mkono: skana au kamera ya simu?
Kwa picha bapa na mwandiko, skana ya steshenari haina mpinzani: dpi 300 (nukta kwa inchi) inatosha, 600 ukitaka kukuza. Futa kioo kwanza. Mchanga wa Mtwara hukwaruza. Tabu ni vifungo, simbi na vipande vya kanga vilivyobandikwa. Skana nyembamba huona vizuri kinachogusa kioo tu, kilichonyanyuka hutoka na ukungu. Tena kioo cha A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, hivyo ukurasa wa 30 kwa 30 huskaniwa vipande, kisha kuunganishwa.

Simu haina gharama ya ziada. Laza ukurasa barazani kivulini, zima flashi, shika simu sambamba na ukurasa. Simu ikiinama, ukurasa wa mraba hutoka umepinda. Albamu yenye vyote viwili? Simbi kwa simu, barua kwa skana.