Unaenda Georgia? Vya kununua kwa ajili ya lugha, kuanzia cha maana zaidi

Naongelea Georgia ya Tbilisi, sio ile ya Marekani. Vijana wengi mjini Kiingereza kipo, wazee wengi wanajua Kirusi, ila ukishafika stendi ya Didube kutafuta matatu zao (wanaziita marshrutka) hapo ndo utajua umejipanga au la.

Namba moja ni laini ya pale pale, Magti au Silknet, beba pasipoti maana wanasajili. Usiikimbilie ya airport, nenda duka la mjini uchague bando kwa utulivu. Ukiwa na data Google Translate inakusomea menyu kwa kamera, ila pakua Kigeorgia kwenye simu ukiwa bado nyumbani, milimani mtandao unakata.

Namba mbili, na hapa wengi wanapuuzia, ni kadi za herufi. Chapisha mwenyewe, hela ya kopi tu. Herufi ni 33, hakuna kubwa na ndogo, na kinachoandikwa ndicho kinachosomwa kama Kiswahili chetu, kwa hiyo wiki mbili zinatosha kabisa. Mi pale Didube niliona ყაზბეგი kwenye kioo cha gari nikaisoma polepole, ka-zbe-gi, mji wa milimani niliokuwa naenda, nikapanda bila kuuliza mtu, jamani raha niliyopata!

Tatu, lipia mwalimu wa mtandaoni hata saa moja. Kuna k ya kawaida na k ya kubana kooni, hiyo kitabu hakikufundishi, lazima usikie. Muombe pia akufundishe kuhesabu kwa sababu wanahesabu kwa ishirini ishirini, 80 ni otkhmotsi yaani ishirini mara nne, na 90 wanasema themanini na kumi, sokoni ukiuliza "ra ghirs?" (bei gani) utapotea hapo hapo. Na akwambie mapema kwamba neno "mama" kwao maana yake ni baba, mama mzazi ni deda, sisi Waswahili hilo linatuchanganya sana.

Nne kitabu cha misemo. Kiwe na maandishi yao, sio herufi zetu peke yake, ili bibi wa dukani umuonyeshe kwa kidole asome mwenyewe. Changu kilikuwa cha herufi zetu tu, hakikunisaidia kitu.

Mwisho kabisa vile vidude vya kutafsiri vya mkononi. Bei kubwa, na kabla hujalipa hakikisha Kigeorgia kimo, kama una simu nzuri mi naona uache tu.