Uzito wa Mwenzako: Maoni Kuhusu Onyesho la Dansi Lililopita Mbeya na Iringa

Nimelitazama onyesho hili mara mbili, kwanza Mbeya na wiki moja baadaye Iringa, na mara zote mbili nililipa kiingilio cha shilingi 5,000 mlangoni kama mtazamaji mwingine yeyote. Wasanii ni wawili tu, mwanamke na mwanamume, ambao kwa dakika 55 hawatoki jukwaani hata kwa kunywa maji. Majina yao sitayataja, kwa kuwa nina malalamiko nao na bado wamo safarini na kazi yao. Ninalotaka kulijadili, pamoja na onyesho lenyewe, ni namna lilivyopokelewa, maana mengi niliyoyasikia na kuyasoma juu yake yameniacha nikijiuliza kama sote tuliketi katika ukumbi mmoja.

Jukwaani pana magunia matatu ya viazi, benchi la mbao na kitenge kimoja. Wasanii wanaanza kwa kuyahamisha magunia kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila muziki, mpaka jasho linaonekana. Kisha magunia yanaachwa na wao wenyewe wanageuka mizigo. Mwanamume anambeba mwenzake mgongoni, halafu mwenzake anapanda zaidi, anajikunja mabegani, anavimba juu ya kichwa cha mbebaji kama kilemba, na hapo kila aliyewahi kupita Uyole au sokoni Mwanjelwa anaitambua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mbeya ukumbi mzima ulicheka, kicheko kile cha mtu anayeijua hasara yake mwenyewe: sheria haitaki gunia lizidi kilo 100, lakini mkulima anayeuza viazi shambani anajua kwamba bei ni ya gunia, na kwamba kile kilemba cha juu mnunuzi hukichukua bure. Iringa hawakucheka. Walinyamaza kabisa, na nadhani kimya chao kilikuwa na maana ileile.

Katikati ya onyesho mambo yanapinduliwa, mwanamke anaanza kumbeba mwanamume, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Wapo waliosema kwamba ni aibu; hao sina la kuwajibu, kwa sababu mwanamke aliyebeba ndizi kutoka Tukuyu, mtoto akiwa mgongoni, hawajawahi kumwonea aibu. Wapo pia waliosifu kwa sababu tu kazi hii inafanana na zile za ng'ambo, jambo ambalo nalo si uhakiki.

Malalamiko yenye uzito zaidi ni ya mwalimu mmoja wa sanaa, aliyesema baada ya onyesho la Mbeya kwamba hii si ngoma kwa kuwa hakuna anayeimba wala anayeitikia. Hoja hiyo naiheshimu. Neno ngoma katika Kiswahili linabeba chombo, wimbo, uchezaji na shughuli yenyewe kwa pamoja, na anayetenga kimoja anapaswa kueleza kwa nini ametenga. Hata hivyo wasanii hawa hawakudai kucheza ngoma. Wanachofanya ni dansi inayoigizwa, mkondo ambao dunia iliujua zaidi kupitia Pina Bausch, aliyeanza kuongoza kikundi cha dansi cha mji wa Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1973, na ambao Afrika una walimu wake wenyewe, akiwemo Germaine Acogny, ambaye shule yake ipo Toubab Dialaw nchini Senegal. Katika mkondo huo mchezaji anaruhusiwa kutembea, kukaa, kufua nguo, kunyamaza. Kumlaumu kwa kutoimba ni kumlaumu mpishi wa ugali kwa kutotia nazi.

Ambalo sikumsikia yeyote akilitaja ni ufundi wa kubebana, na kwangu mimi onyesho zima limesimama hapo. Kumnyanyua mtu aliye hai si suala la misuli. Mbebaji hukunja magoti na kupeleka nyonga zake chini ya nyonga za mwenzake, ili uzito ushuke kupitia mifupa hadi sakafuni badala ya kuning'inia mikononi. Anayebebwa naye ana kazi yake, kwani akilegea anakuwa maiti na akijikaza anakuwa gogo, na vyote viwili vinavunja mgongo wa mwenzake. Mmarekani Steve Paxton alianza mwaka 1972 kufanyia majaribio namna hii ya watu wawili kupeana uzito pasipo kupanga hatua mapema, na leo inafundishwa sehemu nyingi. Wasanii wetu wameimudu. Mwanamke ni mwembamba kuliko mwenzake kwa mbali, lakini anapomnyanyua husikii kishindo wala kukoroma. Unasikia pumzi mbili zikitoka pamoja, na mguu wa mwanamume unaondoka sakafuni kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua.

Kisha kuna ngata, kile kitambaa kinachosokotwa na kuwekwa kichwani chini ya mzigo. Kabla ya kubeba kwa mara ya mwisho mwanamke anakaa kwenye benchi, anachukua kitenge, anakikunja, anakisokota, hakimridhishi, anakifungua, anaanza upya. Nilihesabu dakika 6 na zaidi. Mbeya baadhi ya watazamaji walitoa simu zao, na mmoja aliandika baadaye kwamba dakika hizo zilikuwa tupu na zingefaa kukatwa. Iringa nilikaa karibu na bibi mmoja aliyejifunika blanketi, kwa kuwa ilikuwa Julai na ukumbi ule hauna dirisha linalofunga vizuri. Kitenge kilipofunguliwa mara ya kwanza alisogea mbele kwenye kiti chake cha plastiki. Kilipofunguliwa mara ya pili aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hajakosea. Ngata ikilala vibaya, shingo ndiyo inalipa." Sijasoma uhakiki wa onyesho hili uliolielewa vizuri kuliko huyo bibi.

Malalamiko yangu mimi ni mawili. La kwanza ni dogo: bango lilisema saa 12 jioni, na miji yote miwili tulianza karibu saa 1 na nusu bila neno la radhi. La pili linaugusa moyo wa kazi yenyewe. Mara tu mwanaume anapolaza kichwa chake juu ya ngata, na wawili hao wanasimama hivyo, utosi kwa utosi, mmoja amepiga magoti juu ya benchi na mwingine yupo chini, inaingia sauti iliyorekodiwa ikitueleza kwamba mapenzi ni kubebeana mizigo. Mbeya sauti hiyo iliniudhi kweli. Walikwisha kutuonyesha magunia, bei, migongo na shingo. Halafu kwa sentensi nne wakaugeuza ukumbi kuwa semina ya maharusi.

Iringa spika iligoma. Fundi alihangaika na nyaya nyuma ya pazia, tukamsikia akinong'ona, lakini sauti haikuja, na wasanii wakabaki utosi kwa utosi kwa muda mrefu kuliko walivyopanga, miguu ya mwanamke ikianza kutetemeka, mpaka taa ikazimwa. Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Baadaye nilimfuata mwanamume huyo mlangoni, nikampongeza na kumshauri wauache mwisho ukiwa hivyo hivyo. Alinishukuru kwa adabu, akaniomba radhi kwa hitilafu, na akanihakikishia kwamba watakapofika Njombe spika itakuwa imeshatengenezwa.