Tambi za majaribio za mshumaa wa mkebe wa nta ya soya: nimechoma kila saizi

Pakiti ina tambi 30 za mishumaa, za aina iitwayo ECO, saizi tano: 6, 8, 10, 12 na 14, sita sita kila saizi. Niliiagiza kwa sababu ya simu ya dada yangu. Mshumaa niliomtengenezea ulikuwa umeacha duara jeupe kwenye vanishi ya meza yake, kwa joto la kitako cha mkebe tu. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Hivi huu naweza kuuwasha mtoto akiwa sebuleni?" Nikakosa la kumjibu.

Kabla ya kumpa, nilikuwa nimewasha mwenzake nyumbani kwa saa mbili, nikaona nta imeyeyuka yote hadi ukingoni, nikaridhika. Sasa najua kwamba kule kuyeyuka haraka ndiko kulikopaswa kunitia shaka.

Nianze na tambi zenyewe, maana ni nzuri na zinastahili sifa. Zimesukwa bapa kwa pamba, na katikati ya msuko zimepita nyuzi nyembamba za karatasi. Hakuna waya ndani. Zimekwisha kupakwa nta, kwa hiyo zinasimama wima bila kushikiliwa sana, na vibati vya chini vimebana vizuri. Nilivivuta kwa nguvu na hakuna hata kimoja kilichochomoka. Huo msuko bapa si urembo. Utambi ukiungua hujipinda kidogo, ncha ikatokeza ubavuni mwa mwali na kuteketea yenyewe. Mfaransa Cambacérès ndiye aliyeleta utambi wa kusuka mwaka 1825, na kabla ya hapo mtu alilazimika kukaa na mkasi karibu na mshumaa.

Malalamiko yangu ni kwa muuzaji. Vijaluba viwili vilifika karatasi zake za saizi zimebanduka, na ukiziweka namba 10 na 12 kiganjani, jicho halitofautishi. Ilinibidi nizilaze sambamba chini ya taa, nikilinganisha na zile zilizokuwa na jina. Lililoniudhi zaidi ni jedwali lililokuja na pakiti: linasema mkebe wa sentimita 7.5 utiwe namba 14, basi. Halisemi nta ipi, halitaji manukato wala kiasi chake. Ndiyo namba niliyomtilia dada yangu, kwa kufuata jedwali kama hilo.

Mikebe yangu ya majaribio ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 7.5. Pima hapo kwa rula, mdomo kwa mdomo, usitegemee ujazo ulioandikwa na muuzaji, kwa sababu mkebe mfupi mpana na mrefu mwembamba vinaweza kubeba nta sawa huku vikitaka tambi tofauti kabisa. Nilitia gramu 170 za nta ya soya na manukato mepesi ya maua, asilimia 8 ya uzito wa nta. Nikaiacha wiki mbili ikae, nikakata kila utambi ubaki milimita 5, nikawasha saa nne, nikazima, nikaacha ipoe kabisa. Nikarudia hivyo hadi nta ikabaki sentimita moja chini, ambapo mshumaa wa mkebe haupaswi tena kuwashwa.

Namba 6 ilichimba shimo katikati na siku ya pili ikazama kwenye nta yake. Sitaizungumzia zaidi.

Namba 14 niliitazama kwa hofu. Chini ya saa mbili nta yote ya juu ilikuwa maji, na ilipofika saa nne kina chake kilipita sentimita moja na nusu. Siku hiyo ya kwanza mtu angeusifu mshumaa huo: harufu imejaa chumba, hakuna nta iliyobaki ukutani. Ila kadiri nta ilivyoshuka, mwali nao ulishuka ndani ya mkebe, kuta zikawa zinaurudishia joto, na bati halichelewi kupitisha moto. Utambi ni uleule, lakini sasa unawaka kama ndani ya tanuri. Kufikia theluthi ya mwisho mwali ulikuwa mrefu na unachezacheza, ncha imefanya kichwa cheusi kama uyoga, ukingo wa ndani una masizi, na mkebe haushikiki. Niliuzima kabla ya muda.

Namba 10 ilinishangaza kwa upande wa pili. Mara ya kwanza iliacha ukanda wa nta wa milimita nne hivi kuzunguka ukuta, na zamani ningeitupa papo hapo. Mara ya pili ukanda ukalainika, mara ya tatu ukateremka wote. Kina cha nta iliyoyeyuka hakikuzidi sentimita moja. Chini kabisa, wakati ule ambao namba 14 ilikuwa inavuta moshi, hii mwali wake ulikuwa umetulia, na mkebe ulikuwa wa moto lakini niliweza kuubeba kwa vidole kwenda mezani. Namba 8 ilifuata njia hiyohiyo polepole zaidi, ikamaliza safi, ila harufu ilikuwa hafifu. Namba 12 ilikwenda vizuri hadi katikati, kisha ikaanza uyoga.

Basi nikadhani nimemaliza. Nikamimina kundi jingine, mkebe uleule, nta ileile, manukato mazito ya vanila, nikatia namba 10. Saa ya pili mwali ukanywea ukawa kama punje, maana mafuta mazito huziba utambi. Kwa vanila hiyo namba 12 ndiyo iliyofika chini salama. Kwa hiyo kila manukato mapya napima upya, saizi tatu zinazofuatana, na naamua kwa theluthi ya chini ya mkebe.

Ukiwa umezoea tambi za CD au LX, ambazo ni aina nyingine zenye namba zake, usihamishe namba. 10 ya huku si 10 ya kule. Na kama mikebe yako ina upana wa sentimita 10, pakiti hii itumie kwa kuweka tambi mbili ndogo zilizoachana, badala ya kutafuta moja nene.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa ajili ya vijaluba na lile jedwali, ambalo nakuomba ulitupe ukifungua tu bahasha. Tambi nitaziagiza tena, safari hii 8, 10 na 12 peke yake.

Dada yangu ana mkebe mpya wenye namba 10, yuko mara ya nne ya kuuwasha. Nimemwomba auweke juu ya kigae hata hivyo, na mbali na mkono wa mtoto. Jana alinitumia picha ya meza, kigae kimeondolewa, vanishi iko vilevile.