Supamaketi niliyofanya kazi ya keshia: mteja nenda, muomba kazi soma kwanza

Jina silitaji. Kama ni mteja, duka zuri: mboga zinaingia asubuhi, kiyoyozi kinapuliza, bei zinavumilika. Nawaandikia wanaotaka kuomba kazi, maana wametangaza tena nafasi za keshia, na hawa hawaishi kutangaza.

Ukiingia, mlinzi anaandika daftarini hela uliyonayo mfukoni. Ukitoka unasachiwa mpaka hotipoti. Hayo nilizoea, maduka mengi ya Dar ndivyo yalivyo. Kilichonishinda ni hesabu za jioni. Meneja anachukua droo yako, anapanda nayo juu, anajifungia, anahesabu peke yake. Akishuka: "Dada, una shoti ya elfu nane." Utabisha na nini wakati hukuwepo? Hela ikizidi husikii kitu. Shoti yako, ziada ya ofisi.

Shoti nyingine wanaitengeneza wenyewe. Chenji ya asubuhi inakuja bila sarafu za hamsini. Mteja kachukua vitu vya 14,350, katoa 15,000. Ukimpa 600 atakufokea, pipi siku hizi watu hawataki, basi unampa 700. Piga hiyo hamsini hamsini mpaka saa mbili usiku. Nilipomuomba supavaiza sarafu, aliniuliza nina mpango gani nazo.

Kamera zote zinatazama kaunta. Kwenye rafu za chokoleti watu wanajidokolea wanavyotaka, halafu upotevu tunakatwa wafanyakazi wote. Ndiyo maana pale watu wanachongeana kwa meneja. Kila mmoja anataka aonekane msafi kuliko mwenzake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka, kabla ya kukatwa kwa hasara, ukubali deni kwa maandishi, kiasi kikiwa kimetajwa, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sisi siku ya kwanza tulisainishwa fomu ya makato, sehemu ya kiasi ikiwa tupu. Wakikuletea hiyo, usiharakishe kalamu.

Nyota mbili. Moja kwa kuwa mshahara hauchelewi na NSSF wanapeleka, ya pili ni ya mama wa kantini, ambaye hajawahi kumkopesha mtu chai kwa kununa.

Kwenye usaili, omba droo yako ihesabiwe mbele yako. Mimi niliomba kwa barua. Wiki hiyo hiyo nikahamishiwa stoo kupanga maboksi ya sabuni.