Kumpeleka Baba kwa wakili kuandika wasia

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba kwa wakili mmoja Ganjoni, hapa Mombasa. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi Mwembe Tayari, ghorofa Tudor na nyumba ya Babu Kibokoni. Alikuwa keshakata shauri: mali yote iwe wakfu, itolewe kwa ajili ya Mungu, sisi watoto tubaki na dua zake. "Mimi nilianza na mkokoteni, na wao waanze na mkokoteni." Nampenda Baba, lakini hapo sikukubaliana naye, na nilipanda ngazi zile moyo ukinidunda.

Wakili alimwamkia, akamsogezea kiti karibu na feni, akamwacha aseme mpaka amalize. Kisha akamweleza taratibu: sheria ya urithi ya Kenya inatuachia sisi Waislamu tugawane kwa sheria yetu, na kwa sheria hiyo wasia hauvuki theluthi ya kilichobaki baada ya maziko na madeni. Theluthi mbili ni za warithi kwa mafungu yao. Akamkumbusha habari za sahaba Saad bin Abi Waqqas, aliyekuwa na mali tele na binti mmoja, akataka kuitoa kwa wingi, Mtume akamwekea mpaka kwenye theluthi. Baba anaijua hadithi hiyo tangu chuo cha Kurani. Alivua kofia, akaiweka gotini, akanyamaza kitambo.

"Na nikitoa sasa, ni mzima?"

"Hiyo ni hiba, mzee wangu. Haitimii mpaka kitu kikutoke mkononi. Hati, ufunguo, kodi ya mwezi, vyote."

Kwangu mimi, mzazi mwenye mali awaachie wanawe, na awaoneshe ilivyo angali hai. Babu alifariki bila kumwambia mtu hati ya nyumba iko wapi. Ami zangu wakapelekana kwa kadhi miaka sita, na roshani ya mbele ikaoza ikaanguka kesi haijesha. Mpaka leo Baba na mmoja wao hawaamkiani, hata siku ya Idi.

Ndiyo maana nilifurahi wakili alipokataa kumaliza siku ile. Alitaka watoto wote waje, mabinti pia. Jumatatu tukaenda wanne. Akamuuliza mdogo wetu wa kiume, anayelitarajia duka, "Unajua duka linadaiwa kiasi gani?" Hakujua. Baba akatoa mfukoni lile daftari la madeni lenye jalada la kijani, akalifungua mezani, akawa anatusomea jina baada ya jina. Miaka yote hatukuwahi kuliona ndani. Theluthi imekuwa wakfu, kodi ya ghorofa ya chini Tudor iende madrasa. Mashahidi walikuwa jirani yetu na muuza kahawa wa pale chini, wala hakuna mrithi aliyetia sahihi.

Yaliyoniudhi: fomu ya kwanza ni ya Kiingereza kitupu, ikabidi nimtafsirie Baba mstari kwa mstari mambo ya kifo chake mwenyewe. Hilo liliniuma. Ofisi iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na Baba na bakora yake alipumzika mara mbili. Bei, shilingi 15,000, tuliambiwa mwishoni, ulizeni mapema.

Nendeni asubuhi kabla ya joto. Chukueni hati, vitambulisho vya watoto wote, na daftari la madeni.